Somo: Kupima upana wa kikosi cha mabeki wa raga kabla msimu haujaanza

Msimu ukikaribia, kila kocha wa raga huku Kanda ya Ziwa anakwambia mwaka huu ana kikosi kipana. Muulize kipana kivipi, ataanza kukutajia majina: fulani yupo, fulani karudi, kuna dogo mmoja wa chuo anakimbia balaa. Mimi majina hayanitishi. Ninachotaka kujua ni kimoja: mtu mmoja akitoka uwanjani, wangapi watalazimika kuhama namba zao? Somo zima linazunguka hapo.

Kwa waliotoka kwenye soka: raga ya watu 15 ina mafowadi, namba 1 hadi 8, na mabeki, namba 9 hadi 15. Beki wa huku si mlinzi wa goli. Ndiye mwenye mbio, pasi na mateke. 9 ni skramu-hafu, 10 flai-hafu, 12 na 13 masenta, 11 na 14 mawinga, 15 fulbeki. Twende kazi.

Hatua ya 1: Chukua karatasi, andika kila jina mara moja

Chora mistari saba, mmoja kwa kila namba. Andika anayeanza, kisha anayefuata. Sharti ni hili: jina likishaandikwa sehemu moja kama mbadala, halirudiwi kwingine.

Hapo ndipo makelele huanza. Kila timu ina kiraka wake, yule anayecheza senta, winga na fulbeki, na kocha humwandika kote kote halafu anaona karatasi imejaa. Imejaa mtu mmoja. Siku wakiumia wawili kwa pamoja, kiraka hagawanyiki.

Jambo jingine, usimwandike mtu kwa sababu anasema "naweza kucheza hapo". Mwandike kama ameshacheza hapo dhidi ya watu wanaomkaba kweli.

Hatua ya 2: Toa mmoja, hesabu wanaohama

Sasa ziba jina la kila anayeanza kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, upange upya. Chukua mfano wa 12. Ametoka, unamsogeza 13 awe 12, winga anakuwa 13, fulbeki anakwenda winga, wa akiba anaingia fulbeki. Ametoka mmoja, wamehama watatu, na wa nne ndiyo kwanza anagusa nyasi. Zaidi ya nusu ya mabeki wako wako ugenini ndani ya timu yao wenyewe.

Pembeni ya kila jina andika idadi ya waliohama. Sifuri ni salama. Moja inavumilika. Mbili na kuendelea, hapo una shimo, hata kama benchi limejaa hadi watu wanasimama.

Mfano mzuri wa sifuri ni New Zealand, Kombe la Dunia 2011. Flai-hafu wao Dan Carter aliumia kinena mazoezini wakati wa makundi. Akaingia Colin Slade, naye akaumia robo fainali. Akaja Aaron Cruden, goti likamtoa katikati ya fainali. Wa nne alikuwa Stephen Donald, ambaye hakuwemo hata kwenye kikosi cha mwanzo. Simu ilipomtafuta alikuwa mto Waikato anavua visamaki vidogo, tuseme dagaa wa kwao. Aliingia, akapiga mkwaju wa adhabu, wakaifunga Ufaransa 8-7. Namba 10 wanne wamepita, na hakuna senta wala fulbeki aliyehamishwa ili kuziba pengo.

Kinyume chake ni Wales, 2015, dhidi ya Uingereza pale Twickenham. Mabeki watatu walitoka kwa kuumia. George North akatoka winga kwenda senta, na Lloyd Williams, skramu-hafu wa akiba, akajikuta anacheza winga. Akapiga teke kutoka pembeni, Gareth Davies akauokota mpira na kufunga trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani), wakashinda 28-25. Watu huutumia mchezo huo kuonyesha kwamba viraka vinatosha. Mimi nauona tofauti: vilitosha usiku ule, tena kwa sababu aliyewekwa winga ni mtu ambaye kupiga mateke ndiyo kazi yake ya kila siku.

Hatua ya 3: Kaa sana kwenye 9 na 10

Winga mwenye mbio Mwanza hatumkosi. Nenda viwanja vya Igoma au Buzuruga jioni yoyote utawaona, wametoka kwenye soka, wanakimbia kama wamekimbizwa. Wanachokosa ni kujua lini warudi nyuma kusubiri teke, na hilo hufundishika. Kwa hiyo mawinga nawapitia haraka.

Lakini skramu-hafu wa pili ndiye anayeonyesha kama timu ni pana kweli. Mpime akiwa amechoka. Mkimbize kwanza, kisha mwekee mipira chini, atoe pasi kulia na kushoto bila kupiga hatua nyuma na bila kuunyanyua mpira kabla ya kuutupa. Makocha wengi humwangalia yeye. Wewe angalia mikono ya anayepokea. Namba 10 akidaka mpira mbele ya kifua huku anasonga, pasi ni nzuri. Akisimama, akiinama, au akigeuka nyuma kuutafuta, mabeki wote wa nje wamepoteza hatua mbili, na wapinzani wameshafika.

Wengi wana mkono mmoja mzuri. Ukijua wa pili wako hawezi kupasia kushoto, andika hivyo kwenye karatasi, kwa maana wapinzani wakigundua watahamia upande mmoja wote.

Flai-hafu wa pili nampima kwa swali jingine: mpira uko mita kumi kutoka mstari wetu wa goli, tumebanwa, anafanya nini? Anayepiga teke la kawaida, refu, la kutoka nje ya uwanja, namwamini kuliko fundi wa pasi za kupendeza. Na mpeleke mazoezini mvua ikiwa imenyesha. Vuli na masika huku ziwani hazikuombi ruhusa, na mpira uliolowa huwaumbua wengi.

Senta nasema moja tu: 13 ndiye mwenye eneo gumu kuliko wote kulinda, maana watu wanakuja kwake wengi kuliko walinzi alionao pembeni. Akiwa mgeni hapo, utafungwa trai kupitia kwake kabla hujamaliza kumlaumu winga.

Hatua ya 4: Hesabu miguu

Nani anapiga mikwaju? Nani wa pili? Trai ni pointi 5, mkwaju unaoifuata 2, wa adhabu 3. Timu nyingi zina mpigaji mmoja, naye ni huyo huyo namba 10, kwa hiyo akitoka wanapoteza vitu viwili mara moja. Mpigaji wa pili awe senta au fulbeki.

Kisha tafuta mguu wa kushoto. Tangu sheria ya 50:22 ianze kujaribiwa dunia nzima mwaka 2021, ukipiga teke kutoka nusu yako, mpira ukadunda uwanjani kisha ukatoka pembeni ndani ya mita 22 za mwisho za mpinzani, mpira wa kurusha ni wako. Timu yenye miguu ya kulia tupu inatishia mstari mmoja zaidi ya mwingine. Mtu wa kushoto mmoja tu, hata akiwa fulbeki wa akiba, ana thamani yake.

Hatua ya 5: Kalenda

Hatua hii hamtaikuta kwenye vitabu vya Ulaya, na huku ndiyo inayoua timu. Weka ratiba ya mechi pembeni ya karatasi, kisha pitia maisha ya kila mtu.

Wanafunzi wa vyuo vya Malimbe na Bugando wana mitihani na likizo. Mwanafunzi aliyefunga chuo akaenda kwao Songea si mbadala wa mtu. Anayetoka Ukerewe anategemea usafiri wa majini. Kama mna mechi Kisumu, nani ana hati ya kusafiria inayofanya kazi? Mpakani Sirari hawakuulizi kama wewe ni flai-hafu.

Halafu tazama mwezi. Sitanii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Kama winga wako anavua Igombe au Kayenze na mechi imeangukia siku za giza, atakuja uwanjani ametoka ziwani alfajiri, macho mekundu. Mwandike kwenye mechi za mwezi mpevu, na mechi za giza mtafutie mtu mwingine mapema. Rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa kila mechi, siyo kwa msimu mzima. Kuna wiki utakuwa tajiri, na wiki utakayolia.

Hatua ya 6: Mechi ya kirafiki, lakini ichanganye

Kosa la kawaida ni kucheza kikosi cha kwanza kipindi cha kwanza na cha pili kipindi cha pili. Hapo umepima timu mbili, hujapima mbadala hata mmoja. Ingiza mmoja mmoja kati ya wazoefu: 9 wa pili na 10 wa kwanza, kisha kinyume chake. Sikiliza kelele. Mabeki wakinyamaza baada ya mabadiliko, hawaaminiani bado.

Na atakayegongwa kichwa, ukamshuku hata kidogo, mtoe na asirudi siku hiyo. Huyo umeshampoteza kwa wiki kadhaa, kwa hiyo karatasi yako lazima iwe imejiandaa kumkosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Musoma: Kocha, sisi jumla tuko 18. Upana tutautoa wapi?

Jibu: Hapo usitafute wabadala saba. Tafuta mmoja wa 9 kwa gharama yoyote, na fowadi mmoja mwenye mbio, mara nyingi 7 au 8, umfundishe senta kila wiki. Na kiti cha mtu wa safu ya mbele ya skramu (pale mafowadi wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana) usikiguse ili umwongeze winga. Ukikosa waliofundishwa kusimama mbele, mwamuzi ataamuru skramu zisizo na kusukumana, na hilo lipo kwa ajili ya shingo za watu.

Mwanafunzi, Nyegezi: Shikamoo kocha. Mimi ni winga, ila kwenye mazoezi napangwa fulbeki. Naona kama nashushwa.

Jibu: Marahaba. Hujashushwa, kijana. Kocha wako amehesabu, akaona fulbeki akitoka watu wawili wanahama, na wewe ukijifunza inakuwa sifuri. Omba tu upewe dakika za mechi huko, siyo mazoezi peke yake. Na jifunze kudaka mipira ya juu jua likiwa usoni.

Mwanachama, Ilemela: Afrika Kusini fainali ya Kombe la Dunia 2023 waliweka beki mmoja tu benchi, Willie le Roux, mafowadi saba. Wakashinda 12-11. Hii nadharia yako si imeanguka?

Jibu: Kaka, hata namba 9 wa akiba hawakuwa naye siku ile, na kama Faf de Klerk angeumia dakika ya tano leo tungekuwa tunasimulia mengine. Ilikuwa kamari ya watu walioijua hesabu yao. Ila angalia aliyefunga pointi zote 12: Handré Pollard, namba 10, ambaye hakuwemo kwenye kikosi cha mwanzo, akaitwa baada ya Malcolm Marx, huka (fowadi namba 2), kuumia. Benchi lilikuwa jembamba, kikosi hakikuwa chembamba. Wewe una Pollard nyumbani anasubiri simu?

Dada wa timu ya wanawake: Sisi tunacheza ya watu saba. Tunatumia njia hii hii?

Jibu: Dada, kanuni ni ile ile ila saa ni tofauti. Uwanjani mna mafowadi watatu na mabeki wanne, benchi watu 5, kila kipindi dakika 7, lakini mnacheza mechi kadhaa siku moja. Kwa hiyo usiulize nani anaziba pengo sasa hivi; uliza mechi ya tatu, jua la saa nane, nani bado ana miguu. Mtu wa kuanzisha mpira na kupasia kutoka chini muwe nao angalau wawili, na mpangie wa kwanza kupumzika hata kama mnaongoza kwa trai moja tu. Kadi ya njano kwenu ni dakika 2 badala ya 10, ila katika mechi ya dakika 14 ni nyingi mno. Fanyeni mazoezi mkiwa sita.

Mwanachama, Bukoba: Naweza kupima upana wa wapinzani bila kuwajua?

Jibu: Fika mapema, watazame wakipasha misuli. Wa akiba huvaa 16 kwenda juu, na benchi likiwa na watu wanane, mabeki mara nyingi ni 21, 22 na 23. Tazama 21, ambaye kwa kawaida ndiye skramu-hafu wa akiba, anampasia nani. Akipokezana pasi na 10 wa kwanza, wamemwandaa. Akiwa pembeni anapiga danadana na rafiki yake, hawamtegemei. Kisha angalia wangapi wanapiga mikwaju kwenye nguzo. Ukiona ni mmoja tu, mwambie namba 7 wako amwandame kihalali kuanzia dakika ya kwanza.