Namna ya kutandaza mabua ya mpunga bustanini na kuyageuza kuwa mboji

Katika mabonde ya mpunga kama Mbarali na Kilombero, mpunga ukishapurwa hubaki marundo ya mabua ambayo wakulima wengi huyachoma ili kusafisha majaruba mapema. Moto huo hupoteza karibu nitrojeni yote iliyomo. Sehemu kubwa ya potasiamu ambayo mmea uliifyonza ardhini nayo imo ndani ya mabua, wala haikwenda na punje. Mavuno ya masika huisha wakati bustani za mboga za kiangazi zinapoanza, hivyo mali hii hupatikana katika msimu unaofaa. Kanuni ninayoifuata ni kuyaacha mabua juu ya udongo kwanza, na kuyaingiza ndani yakiwa yameshaoza.

Hatua ya 1: Kuchagua mabua

Muulize mwenye shamba alipulizia dawa gani ya magugu, kwa kuwa baadhi ya dawa hudumu kwenye mabua kwa miezi na kudhuru nyanya na maharage. Asipokumbuka, katakata mabua machache, yachanganye na udongo kwenye kopo, kisha upande maharage humo na katika kopo jingine lenye udongo mtupu. Baada ya wiki 3 linganisha: majani yakijikunja na kupinda katika kopo la kwanza tu, yaache mabua hayo.

Mabua makavu ya rangi ya manjano yanafaa kutandazwa. Yaliyoanza kuoza na kutoa uvundo yatenge kwa ajili ya mboji. Yakung'ute vizuri kabla ya kuyaleta bustanini, kwani punje zilizosalia huota, na kabla hazijaota huwaita kuku, ambao huweza kutawanya kazi ya siku nzima kwa asubuhi moja.

Hatua ya 2: Kutandaza

Palilia, mwagilia hadi udongo ulowe, na usubiri miche ifikie kimo cha sentimita 15 hivi. Tandaza mabua kwa unene wa sentimita 7 hadi 10. Yatabonyea kadiri unavyomwagilia. Acha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka kila shina, maana mabua yenye unyevu yakigusana na shina huleta uozo na kuwapa konokono maficho. Mchicha uliosiwa kwa kutawanya mbegu haufai kufunikwa; kwa mboga zilizopandwa kwa mistari, weka mabua yaliyokatwakatwa katikati ya mistari.

Mwagilia polepole, kisha funua mabua kidogo na uchovye kidole kwenye udongo, kwa sababu mara nyingi maji huonekana yameenea kumbe yameishia juu. Penye mchwa, mabua yasiachwe kukauka kabisa, na yakaguliwe kwa chini kila wiki.

Hatua ya 3: Kutofukia mabua ambayo hayajaoza

Hapa ndipo wengi huharibu bustani. Mabua yana kaboni nyingi, takribani asilimia 40 ya uzito wake mkavu, huku nitrojeni ikiwa chini ya asilimia 1. Yakifukiwa kabla ya kuoza, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni ya udongo ili vizaliane, na mboga hubaki na njaa: majani ya chini huanza kuwa manjano na mmea hudumaa. Yakikaa juu, ushindani huo huishia kwenye tabaka jembamba la udongo ambalo mizizi mingi imelipita.

Hatua ya 4: Kutengeneza mboji

Mabua yaliyobaki yakatwe vipande vifupi na kulowekwa usiku kucha. Ngozi ya bua la mpunga ina silika na nta, na maji hayaingii kwa kumwagiwa mara moja. Panga lundo lenye upana na kimo cha mita 1.5, ukipishanisha mabua ya sentimita 20 na samadi mbichi ya sentimita 5 pamoja na magugu mabichi ambayo hayajatoa mbegu. Chomeka fimbo ndefu hadi kiini cha lundo. Ukiichomoa baada ya siku 5 iwe ya moto na yenye unyevu. Ikiwa kavu na imeshika vumbi jeupe la kuvu, ongeza maji.

Pindua lundo kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya miezi 3 au 4, chukua bua moja ulisokote kwa vidole: likikatika bila kuvutana na limekuwa jeusi hadi ndani, mboji iko tayari. Changanya ndoo 1 ya lita 20 katika kila mita 1 ya mraba ya tuta.

Matandazo ya msimu uliopita hujaribiwa vivyo hivyo kabla ya kufukiwa, isipokuwa yaliyotoka chini ya nyanya zilizougua mnyauko, ambayo hayapaswi kurudi bustanini. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, ondoa matandazo yote mvua kubwa zinapokaribia, kwani matandazo huzuia tuta kukauka na mizizi hukosa hewa.