Mzunguko wa asubuhi moja Lubumbashi: stesheni, makumbusho, mto na kurudi

Mgeni akifika Lubumbashi akauliza atembelee wapi, mara nyingi wenyeji humjibu kwamba hapa hakuna cha kuona, huu ni mji wa migodi tu. Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari, na jibu hilo hunichoma. Katikati ya mji ipo njia ya kutembea kwa miguu ambayo ukiimaliza utajua kwa nini mji huu upo, nani aliujenga na kwa gharama gani. Huwa naipita na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, na pia na ndugu wanaotoka Kasai kutusalimu. Ardhi yetu ni tambarare, kwa hiyo hata bibi mwenye fimbo ataiweza, mradi mpumzike njiani. Tengeni asubuhi nzima, kwa sababu makumbusho peke yake yanataka saa moja na zaidi.

Wakati mzuri ni kuanzia Mei hadi Julai, ila uvae sweta: Juni, asubuhi ya Lubumbashi ina baridi kali kuliko wageni wanavyodhani. Septemba na Oktoba kuna joto na vumbi, lakini jakaranda zimechanua na barabara zimejaa maua ya zambarau, nami huuchagua msimu huo kuliko mwingine wowote. Mvua zikianza Novemba tembea mapema, maana nyingi hushuka mchana. Chukua maji, kofia, viatu vilivyofungwa na noti ndogo za faranga.

Anzia stesheni ya treni, saa mbili asubuhi. Wengi huanzia Posta, lakini mji haukuanzia Posta. Reli iliyotoka kusini, kutoka Rhodesia, ilifika hapa 1910, na mwaka huohuo ofisa Mbelgiji Émile Wangermée akaupima mji ulioitwa Élisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto utakaouona baadaye, lilichukua nafasi yake 1966. Simama mbele ya stesheni, mgongo kwenye reli, uangalie jinsi barabara zilivyonyooka. Mji huu ulichorwa kwa rula kabla ya kujengwa, na watu waliochora walikuwa na haraka ya kupata shaba. Simu yako iache mfukoni hapo. Stesheni, madaraja, majengo ya serikali na askari havipigwi picha bila ruhusa. Hiyo ni sheria ya nchi nzima, na kubishana nayo kutakumalizia asubuhi.

Kutoka stesheni elekea Posta kwa barabara yoyote pana. Ukipotea muulize mama yeyote anayeuza mkate, Posta inajulikana na kila mtu. Tembea polepole, macho juu. Chini utaona maduka ya simu na vitenge, lakini juu ya vibao vyao kuna kuta za miaka ya 1920 na 1930, nyingine zikiwa bado na mapambo yake. Wafanyabiashara wa Kigiriki, wa Kiitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes ndio waliofungua mengi ya maduka hayo. Wayahudi hao wana sinagogi yao hapa mjini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na rabi wao Moïse Lévy aliihudumia kwa zaidi ya nusu karne. Ukitaka kuiona, ulizia.

Kwenye uwanja wa Posta kuna sanamu ya Moïse Tshombe, aliyetangaza Katanga, jimbo letu la wakati huo, kuwa nchi inayojitegemea tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo. Utengano ule uliisha Januari 1963. Utawakuta watu wanaomsifu na wengine ambao wazee wao waliumia sana miaka ile. Sikiliza tu, usichochee mabishano ya barabarani. Karibu na hapo, na mbele ya hoteli, kuna vijana wanaouza shanga, mayai ya mapambo na vijisanduku, vyote vya malakiti, jiwe la kijani lenye mistari. Kabla ya kununua, liweke kwenye kiganja. Malakiti ya kweli ni nzito na ya baridi, na ubaridi huo unakaa. Plastiki hupata joto la mkono mara moja. Tazama pia mistari: ya jiwe haifanani, mmoja mpana, mwingine mwembamba kama uzi, na mahali fulani inajikunja kuwa duara.

Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo halihitaji muda mrefu, isipokuwa kama kuna misa. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, enzi za Wabenedikti waliokuwa wakiongoza kanisa la Katanga. Wabenedikti haohao ndio walioanzisha mwaka 1939 timu ya mpira ya vijana iliyokuja kuwa TP Mazembe, na wanafunzi wangu hushtuka kila mara wakisikia kwamba Mazembe imetoka kwa mapadri.

Sasa makumbusho ya taifa. Jirani yake lipo Jengo la 30 Juni, ambalo mwaka 1956 lilikuwa ukumbi wa maigizo wa mji na baadaye likawa makao ya Bunge la jimbo. Litazame ukiwa barabarani, mistari yake ni ya kisasa na ya kupendeza hata leo. Kwenye makumbusho, ukikuta geti limerudishiwa usigeuke. Piga hodi, msalimie mlinzi vizuri, «Jambo yenu, papa», kisha ueleze shida yako. Ukiingia ukiwa umeanza na salamu, atakutafutia mtu wa kukuongoza.

Vitu ni vingi, lakini ukiwa na muda mchache nenda moja kwa moja kwenye misalaba midogo ya shaba. Kaa mbele yake. Kabla ya kampuni yoyote ya Ulaya, wafuaji wa Katanga walikuwa wakiokota malakiti, wakaichoma kwa makaa katika tanuru walizojenga kwa udongo wa kichuguu, wakamimina shaba kwenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilinunua bidhaa na kulipa mahari, na huko Sanga, kwenye bonde la Upemba, wataalamu wa mambo ya kale wameikuta makaburini pamoja na marehemu. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo na yenye ukubwa unaolingana, kama inavyopasa fedha. Huwa nawaambia vijana: mzungu hakutuonyesha shaba, aliikuta ina mafundi na bei yake.

Toka hapo ushuke kuelekea mto. Mto Lubumbashi si mpana, na katika mji umezuiwa ukafanya ziwa ambalo wengi huliita Lac Tshombe, upande wa mtaa wa Golf. Maji yake huungana na Kafubu, na Kafubu huingia Luapula. Tembea ukingoni asubuhi au mchana, mkiwa wawili au zaidi, jioni usiende. Utakuta ndege, wavuvi wachache na bustani za mboga za akina mama. Wasalimie, kwa sababu kazi yao ni ngumu, lakini usinawe kwenye maji haya wala usiwaache watoto wayachezee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameonyesha kwamba mto na udongo wa kando yake vimebeba metali za viwandani. Inaniuma kuliandika hili. Mto uliotupa jina ungestahili kulindwa kuliko jengo lolote nililotaja, na mtu akiuona kwa macho yake ndipo huanza kudai usafishwe.

Tafuta mahali penye uwazi utazame upande wa kiwanda: bomba refu la moshi na kando yake mlima mweusi. Ule si mlima wa Mungu. Ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa hapo kando ya mto kuanzia 1911, na tangu miaka ya 2000 yenyewe yanachakatwa tena kwa ajili ya kobalti. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kwa mkataba, akazeekea kwenye tanuru za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ambayo wazee walizoea kuiita baba na mama kwa sababu iliwapa nyumba, unga, hospitali na shule. Hapa ndipo nasimamisha wanafunzi na kuwasimulia Desemba 1941. Vita vya dunia vilitaka shaba nyingi, bei za vitu zilipanda, mishahara ya weusi ikabaki palepale. Wafanyakazi waligoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9, baada ya gavana Maron kushindwa kuwatawanya, askari walifyatua risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wenzake, aliuawa pamoja na wengine wengi. Jina lake litajeni kwa sauti mkiwa pale, mkiutazama moshi au mahali ulipokuwa ukitoka.

Kurudi stesheni, pita barabara tofauti na ile mliyokuja nayo, chini ya miti. Ukichoka, simamisha taksi, au manseba, yaani pikipiki ya abiria, ukiwa peke yako, na mpatane bei kabla ya kupanda. Kwa njaa, tafuta michopo, nyama ya kuchoma. Nyama ya mbuzi ichaguliwe kwenye moto mbele yako, ikatwe, iletwe na kitunguu, pilipili na chumvi pembeni. Kula na bukari, yaani ugali, na agiza sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama ipo. Desemba na Januari, uyoga unauzwa kandokando ya barabara, na mama anayeuza atakueleza namna ya kuupika kuliko mimi.

Mwenye nguvu bado aende Kamalondo mchana. Ni mtaa uliojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, ukatenganishwa na mji wa wazungu kwa ukanda wa ardhi tupu. Leo una uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, wenye viti 18,500. Kama siku hiyo kuna mechi, nunua tiketi mapema na uvae nyeusi na nyeupe. Anayeshangilia Lupopo, timu pinzani ya hapa mjini, akae na wa kwao.