Somo: Kuvuta wenzo wa mashine ya espreso bila kuumiza bega

Nina kilo 52, na kila siku navuta wenzo wa springi wa mashine ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, kwenye mgahawa hapa Uhindini, Mbeya. Nilipoanza niliambiwa mashine ile inataka mwanaume. Wiki ya kwanza niliamini, maana bega la kulia liliniuma hata kuchana nywele nikashindwa. Kumbe nilikuwa navuta kwa mkono mtupu, mwili umekaa pembeni unatazama.

Uzito unatoka wapi? Ndani ya kichwa cha mashine kuna pistoni na springi nene. Ukishusha wenzo husukumi kahawa, unakandamiza springi, na pistoni inapanda ili maji ya moto yaingie chini yake. Ukiachia, springi ndiyo inayosukuma maji kupita kwenye kahawa. Ndivyo zilivyofanya kazi mashine za Achille Gaggia wa Milan zilizoingia sokoni mwaka 1948, na ndizo zilizoleta lile povu zito la juu.

Tupige hesabu. Pistoni ya kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Espreso inataka mgandamizo wa karibu baa 9, na baa 9 ni kama kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo springi inabeba karibu kilo 180. Wenzo ukipunguza uzito huo mara kumi, mkononi zinabaki kilo 18. Hiyo haifiki hata ndoo ya lita 20, na ndoo tumebeba tangu utotoni. Ila hakuna anayeitwisha kwa kukunja kiwiko peke yake.

Hatua ya 1: Acha mashine ipate joto vizuri. Saga kahawa laini, shindilia sawasawa, funga kishikio cha chujio mpaka kikaze.

Hatua ya 2: Simama ukiutazama wenzo, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea. Mkono wa pili ushike kishikio cha chujio ili mashine isikufuate. Kama ncha ya wenzo ukiwa juu inapita kichwa chako, meza ni ndefu mno kwako. Tafuta jukwaa imara la kusimamia. Mimi nilitengenezewa la mbao na fundi wa Mwanjelwa, na bega likapona.

Hatua ya 3: Kiwiko kiwe karibu na mbavu. Usivute, shuka. Kunja magoti, uzito wa mwili uushushe wenzo mpaka chini kwa mwendo mmoja. Subiri hapo sekunde 5 hadi 10, kahawa ilowe.

Hatua ya 4, na hapa naomba msinisome haraka haraka. Rudisha wenzo taratibu huku umeushika, mpaka usikie kahawa imebeba, yaani springi imekutana na ukinzani. Hapo ndipo unaachia. Kama hukuweka kahawa, au umeisaga nene kama ya kuchemsha, hakuna cha kuizuia springi. Wenzo utaruka juu kwa nguvu yote ile, na unaweza kuvunja taya au meno. Uso usikae kwenye njia yake hata siku moja. Ukikuponyoka, usiukimbilie kuudaka, rudi nyuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tukuyu: Dada, nikisaga laini zaidi wenzo utakuwa mzito?
Jibu: Kwa springi hapana kaka, mkono wako unapambana na springi tu, kahawa laini itachelewesha kutoka. Mashine zisizo na springi, kama La Pavoni Europiccola, ni tofauti: mkono wako ndio unaosukuma maji, kwa hiyo usagaji utausikia begani.

Mwanachama, Njombe: Huku juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100. Nivute kwa nguvu zaidi?
Jibu: Hapana. Boila imefungwa, maji ndani yake yana mgandamizo na yanapita nyuzi 100 hata huko kwenu. Nguvu ya springi haibadiliki kwa mwinuko.

Mwanachama, Iringa: Shikamoo dada. Wenzo wangu umekuwa mzito kuliko zamani, na unarudi kwa kukwamakwama.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mipira ya pistoni imekauka. Zima, acha ipoe kabisa, mwite fundi aifungue na kuipaka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Usifungue springi mwenyewe, imekandamizwa hata ikiwa imetulia.

Mwanachama, Mbozi: Umeme ukikatika katikati ya kazi je?
Jibu: Kama mashine yako haina pampu na boila bado ina joto na mgandamizo, endelea, wenzo hauhitaji umeme. Mimi huwa napata vikombe vichache kabla joto halijashuka. Ukiona maji yanaingia kwa unyonge, acha.