Wakili wa kesi na bao lake: namna ya kusimama mahakamani wiki nzima na bado ukabaki na maisha

Vijana wanaotoka Shule ya Sheria wakija kukaa ofisini kwetu swali lao huwa hilohilo, kaka hivi muda unautoa wapi, maana wanajua Jumatano na Jumamosi jioni mi sipokei simu, niko barazani Magomeni nacheza bao na wazee. Nna miaka 11 kwenye kesi, jinai na madai, basi ntaeleza ninavyofanya. Ila jueni toka mwanzo, ukisubiri muda ubaki haubaki hata siku moja, jioni yako inaandikwa kwenye dayari kama kesi nyingine yoyote yenye namba.

Kwa hiyo tuanze na dayari. Tofautisha kesi ya kutajwa na kesi ya kusikilizwa, tumia hata rangi mbili. Ya kutajwa mahakama inaangalia tu kesi imefikia wapi na kupanga tarehe, unaweza kumaliza kwa dakika tano lakini ukakaa kwenye benchi toka saa tatu mpaka saa sita unasubiri kuitwa, so beba faili la kesi nyingine ulisome hapohapo, hayo masaa yakipotea ndo yanakuja kukulia usiku wako. Ya kusikilizwa ni siku ya shahidi kupanda kizimbani, na mi siku ya kusikilizwa siichanganyi na kitu, wala kesho yake siweki shahidi mwingine kama naweza kukwepa. Tarehe inapopangwa fungua dayari palepale umesimama, sema Mheshimiwa siku hiyo niko Mahakama Kuu, maana ukiitikia tu halafu uje kuomba ahirisho mteja wako ndo anaumia. Zikigongana, mahakama ya juu ndo inatangulia, andikia ya chini barua mapema au mwombe mwenzako akushikie kesi, na ukimwomba mpe maelekezo kamili na faili, usimwache asimame pale hajui hata mmefikia shahidi wa ngapi.

Faili lenyewe mi nalisoma alfajiri, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu, nyumba imetulia. Kabla sijafungua sheria yoyote naandika sentensi moja tu juu ya karatasi, kwa nini mteja wangu ashinde. Ikikataa kutoka kwa sentensi moja najua bado sijaielewa kesi. Hukumu za rejea siku hizi zipo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, soma hukumu yote, usichukue aya moja uliyoikuta kwenye hoja za mwenzako.

Sasa dodoso, yaani kumhoji shahidi wa upande wa pili, hapa ndo wakili wa kesi anapojulikana. Kwenye ushahidi mkuu, shahidi wako anapohojiwa na wewe mwenyewe kwanza, hutakiwi kumwongoza, yaani kumtilia jibu ndani ya swali, unamuuliza nini kilitokea anasema mwenyewe, lakini kwenye dodoso sheria inakuruhusu kuongoza, basi ongoza, swali fupi, jambo moja kwa swali moja, jibu lake liwe ndiyo au hapana. Halafu nyamaza. Hilo la kunyamaza lilinichukua miaka. Nilikuwa na kesi ya kiwanja, shahidi wa upande wa pili anadai alishuhudia mauziano na akasaini, nikamdodosa taratibu mpaka akakubali kwamba wiki ile yote alikuwa msibani Moshi. Nilitakiwa nikae chini. Nikaongeza swali, sasa ulisainije? Akajibu kwa utulivu kabisa kwamba walimletea hati kulekule msibani na wauzaji walikuwepo. Ile kesi tulishindwa, na yule mama mteja wangu sura yake naikumbuka mpaka leo.

Jumamosi yake niko barazani, nimenamua vizuri, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, kete zangu zimeishia kwenye nyumba, lile shimo la kuwekea kete nyingi, na anayecheza bao anajua hapo una hiari, unalala, yaani unaishia hapo, au unasafiri, yaani unazibeba zote uendelee kusambaza. Nikaibeba nyumba nikasafiri. Mzee niliyekuwa nacheza naye hakusema neno, akasubiri zamu yake akala upande mzima. Mle mna kete 64 kwenye mashimo 32 na kila moja iko wazi mbele yenu wote wawili, hakuna siri, anayeshinda ni yule aliyehesabu kabla ya kugusa. Toka siku ile kwenye karatasi yangu ya dodoso kila swali la mwisho la mada naliandikia pembeni LALA, kwa wino mwekundu.

Faida nyingine ya baraza ni lugha. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini wengi tumesoma sheria kwa Kiingereza na tukiuliza maswali unasikia kabisa mtu anatafsiri kichwani, shahidi wa miaka 70 anabaki anakuangalia tu. Kaa na watu wanaoongea Kiswahili chao, sikiliza wanavyobishana, wanavyokatisha hoja, utauliza maswali yanayoeleweka.

Na chagua kitu ambacho pale hakuna anayekuita wakili msomi. Mandela alipokuwa na ofisi yake ya uwakili na Oliver Tambo kule Johannesburg, waliyoifungua 1952, jioni alikuwa anafanya mazoezi ya ngumi Orlando. Wewe inaweza kuwa kwaya, shamba, kuogelea. Muhimu kuwe na watu wanaokusubiri, kitu cha kufanya peke yako utakiahirisha kila wiki.

Wateja waambie siku ya kwanza, kwa maandishi, simu unapokea saa ngapi. Ndugu yao akikamatwa usiku hiyo ni dharura, unaenda. Kuuliza tarehe ya kesi sio dharura.

Likizo ya mahakama, 15 Desemba mpaka 31 Januari, itumie. Mambo ya dharura yanaendelea na mahakama za chini hazifungi, ila presha ya Mahakama Kuu inashuka. Mi wiki mbili za mwanzo nasafisha mafaili, zinazobaki navuka Zanzibar.

Ukitaka kuanza bao lenyewe, nenda barazani jioni baada ya alasiri, toa shikamoo kwa kila mzee, nunua kahawa ya waliopo, kaa uangalie. Usiombe kucheza wiki ya kwanza wala ya pili. Mmoja wao atakusogezea mkeka mwenyewe.