Vifaa vya kutibia miguu: namna ya kununua, kuosha, kutakasa na kunoa visikufie mapema

Naandika hii kwa manesi na madaktari wa kliniki za miguu, hasa mnaohudumia watu wa kisukari, na kwa mafundi wenzangu wa vifaa tiba mnaoletewa koleo la kucha likiwa limeshaliwa na kutu alafu mnaambiwa "fundi lifufue". Kazi yangu ni kuuza na kutengeneza hivi vifaa na kuna jambo moja nataka likae kichwani kabla hatujaanza: mgonjwa ambaye kisukari kimeshaua mishipa ya fahamu ya miguu HASIKII maumivu. Koleo butu likimponda nyama pembeni ya kucha hatashtuka, hatakwambia "nesi unaniumiza", ataenda nyumbani na kijeraha ambacho baada ya wiki kinaweza kuwa kidonda na kidonda kikampeleka kukatwa mguu. Kwahiyo ukali na usafi wa kifaa ndo kinga aliyobaki nayo, yeye mwenyewe hawezi kukusaidia kugundua.

Hatua ya 1: Jua unahitaji nini na seti ngapi

Seti moja ya mgonjwa mmoja haina mambo mengi. Koleo la kucha zito kwa kucha nene zilizokomaa, koleo jembamba lenye ncha kwa ukucha ulioota ndani, mpini wa skalpeli namba 3, pinseti moja, mkasi mdogo, tupa ya kucha ya chuma, na probu butu ya kupima kama kidonda kimefika mfupani. Mpini namba 3 unapokea bledi namba 10, 11, 12 na 15, na kwa kukwangua sugu wengi wanapenda 10 au 15. Ukinunua mpini namba 4 ujue unataka bledi za 20 kwenda juu, nimeona stoo zina boksi la bledi ambalo haliingii kwenye mpini hata mmoja wa pale kliniki.

Idadi ya seti usiikadirie kwa bajeti, ikadirie kwa otoklevu yako, ile mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa presha. Mzunguko mmoja ukihesabu kupasha moto, kutakasa, kukausha na kupoa unakula kama saa moja au zaidi, sasa kama kwenye hiyo saa unaona wagonjwa wanne na una seti mbili, hapo ndipo watu wanaanza kufuta koleo na spiriti na kumwendea mgonjwa mwingine. Spiriti haitakasi kifaa kilichogusa damu. Nunua seti za kutosha wagonjwa wanaopita kati ya mzunguko na mzunguko, ongeza mbili za akiba.

Hatua ya 2: Kununua

Vifaa vingi vya mkono vinavyouzwa huku vinatoka Sialkot, Pakistan, na wala hilo sio tatizo, Sialkot wanatengeneza vizuri sana na wanatengeneza vibaya sana kutegemea umelipa nini. Ujerumani kuna Tuttlingen, bei iko juu lakini koleo lake ukilitunza litadumu miaka mingi. Muuzaji muulize vitu viwili: aina ya chuma, na cheti cha ISO 13485 cha kiwanda, ndicho cha ubora wa utengenezaji wa vifaa tiba. Kwa makali unataka chuma kigumu cha familia ya 420, hicho ndicho kinashika ukali. Chuma cha 304 hakishiki kutu kirahisi lakini ni laini, kinafaa bakuli na trei, sio koleo. Na kwa Tanzania hakikisha unanunua kwa mtu anayetambulika na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, sio kwenye begi la mtu aliyerudi safari.

Kagua hapohapo dukani usione aibu. Funga koleo uliinue kwenye mwanga: makali yakutane sawasawa kuanzia nchani, ukiona mwanga unapita nchani liache. Lifungue na kulifunga taratibu, lisicheze upande kwenye bawaba, spring irudi yenyewe. Kata plastiki nyembamba kwa ncha tu: ikatike safi, isikunjwe katikati ya makali. Ukifika nalo kliniki lioshe na ulitakase kwanza, linakuja na mafuta ya kiwandani.

Hatua ya 3: Kuosha, hapa ndipo vifaa vinapokufa

Hapa nitakaa sana kwasababu karibu kila kifaa kilichooza ninacholetewa kimeozea hapa.

Tatizo la kwanza ni klorini. Wengi tulifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini 0.5% dakika 10 kabla ya kuosha, ile ya Jik sehemu moja maji sehemu sita. Shida dakika 10 zinageuka kuwa mpaka chai iishe, mpaka zamu ibadilike, wengine mpaka kesho asubuhi. Klorini inatoboa chuma kwa vidoa vidogovidogo na kwenye vile vitundu damu inajificha, hakuna brashi itakayoifikia. Mwongozo wa WHO na PAHO (ofisi ya WHO ya Amerika) wa mwaka 2016 wa kuchakata vifaa tiba haushauri kuloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuosha, unataka kifaa kiwe na unyevu mpaka kikaoshwe, basi. Kama kituo chako bado kina utaratibu wa klorini ongea na mtu wenu wa IPC (kinga na udhibiti wa maambukizi), na wakati mnaongea weka saa ya simu ilie dakika ya 10 alafu suuza hapohapo kwa maji mengi.

Ninavyoshauri mimi ni hivi. Mgonjwa akimaliza tu, funika vifaa na kitambaa kilicholowa maji au vipulizie jeli ya kutunza unyevu, damu isikauke. Usitumie saline kulowanishia, ile ni chumvi na chumvi ndo adui wa kwanza wa chuma. Vaa glavu nene, aproni na miwani, toa bledi kwa kifaa cha kutolea bledi au fosepsi, sio kwa vidole, itupe kwenye sefti boksi. Bledi ni ya mgonjwa mmoja, haioshwi wala hainolewi. Alafu osha kwa sabuni ya enzaimu isiyo kali, maji yawe vuguvugu, ya moto sana yanaigandisha damu kwenye chuma kama yai kwenye kikaango. Fungua koleo kabisa, piga brashi laini kwenye bawaba, chini ya spring na kwenye meno ya tupa, ukiwa umezamisha kifaa ndani ya maji ili yasikurukie usoni. Stiliwaya marufuku, inakwangua ile ngozi ya juu inayozuia kutu.

Suuza mara mbili. Walio Dar, Zanzibar, Tanga na pwani yote ya Kenya nawaomba sana: maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa au distilled, na hayohayo ndo yaingie kwenye otoklevu. Kausha kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Ukiona doa la kahawia usilie bado. Chukua ufutio wa penseli usugue. Likitoka na chini chuma ni laini, hiyo ni madini ya maji au mabaki ya sabuni, rekebisha maji. Likiacha kishimo ni kutu, kifaa hicho kitenge kisiambukize wenzake kwenye trei.

Hatua ya 4: Mafuta

Weka kwenye bawaba mafuta maalum ya vifaa vya upasuaji, yale meupe kama maziwa yanayochanganyika na maji. Ya cherehani, ya kula au grisi hapana, mvuke haupenyi mafuta hayo na chini yake vijidudu vinabaki salama.

Hatua ya 5: Kutakasa

Koleo liingie kwenye otoklevu likiwa limefunguliwa, likifungwa mvuke haufiki katikati ya makali. Usijaze. Kwa otoklevu ya kawaida ya jiko ni 121°C kwa psi 15 (psi ni kipimo cha presha), dakika 20 kwa visivyofungwa kwenye pakiti na 30 kwa vilivyofungwa kwenye pakiti, na saa unaanza kuihesabu joto likishafika, sio ulipowasha.

Mlio kwenye miinuko sikilizeni. Psi 15 inatoa 121°C usawa wa bahari. Kila mita 300 hivi kwenda juu unaongeza nusu psi, kwahiyo mtu wa Mbeya aliye kwenye mita 1,700 anatakiwa afike karibu psi 18, akisimama kwenye 15 anapika tu. Soma kwanza kitabu cha mashine yako kama inaruhusu presha hiyo.

Tepu ya otoklevu inayobandikwa juu ya pakiti ikibadilika rangi inakwambia pakiti imepita kwenye joto, haikwambii kilichomo ndani ni salama. Weka kiashiria ndani ya pakiti pia, na ukipata uwezo fanya kipimo cha spora, yaani unaingiza vijidudu sugu vya majaribio uone kama vimekufa. Pakiti iliyotoka na maji irudie. Wa oveni kavu, vifaa vya makali vitakase 160°C saa mbili, usipandishe zaidi, joto linaua makali.

Hatua ya 6: Kunoa na kutengeneza

Kila mwezi rudia kile kipimo cha mwanga na plastiki. Koleo likianza kuvuta kucha badala ya kukata lipeleke kwa fundi. Asikunolee kwenye mashine ya gurudumu la kunolea visu vya bucha, chuma kikigeuka bluu kwa joto ugumu umeshaondoka na hakuna dawa. Inatakiwa jiwe laini, kwa mkono, kwa kufuata mteremko uleule wa kiwandani. Koleo lililopata vishimo kwenye makali, ufa kwenye bawaba au ncha iliyovunjika linatupwa, hata kama lilikuwa ghali. Na naomba koleo la kucha lisikatie waya wala plasta ya POP, ncha nyingi zinavunjikia huko.

Uzi wa gramu 10 wa kupimia hisia nao ni kifaa, unachoka. Ukishapima wagonjwa kama 10 upumzishe siku nzima kabla ya kuutumia tena, ukipinda ovyo tupa, maana uzi uliolegea unakwambia wewe kuwa mgonjwa hasikii kumbe anasikia.

Ukituma vifaa kwa fundi vitakase kwanza, andika kwenye karatasi kila kimoja kina shida gani na kinakatia nini, funga ncha na kofia ya plastiki au mpira visigongane njiani. Usifunge na plasta ya kunata, gundi yake inabaki kwenye makali.