Baa ya juu ghorofani Dar: uliza haya kabla ya kutoka

Kama mnapanga kutoka usiku Dar, msianze na klabu. Anzeni juu, kweupe bado. Jua hapa huzama karibu saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo anayefika Level 8, baa ya juu ya hoteli ya Hyatt Regency, Kivukoni, saa 11 na nusu anawahi kuona bandari na pantoni za Kigamboni zikivuka. Akifika saa 2 anakuta giza, na meza za ukingoni zimeshachukuliwa. Klabu za Masaki ziacheni kwanza, maana kabla ya saa 5 usiku nyingi huwa tupu.

Kubwa zaidi ni hesabu. Piga simu mchana uulize: kuna kiingilio? Meza ina kima cha chini cha matumizi? Na bei ya menyu ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani, au ile asilimia 18 inakuja kuongezwa kwenye bili, pamoja na ada ya huduma? Watu hugombana na mhudumu usiku wa manane kwa jambo lililokuwa la kuulizwa saa 8 mchana. Mkinunua chupa nzima, ifunguliwe mezani mkiona lakiri, na mwisho mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Wanaume, kandambili na kaptura baunsa hazipitishi. Mwenye kuhisi baridi abebe kitu cha kujifunika, hasa Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma.