Mkazo wa maneno ya Kiingereza: legeza kwanza, ndipo ukaze

Watu ninaowafundisha matamshi ni watu wazima. Wanasoma mikataba ya Kiingereza, wanaandika ripoti, na sarufi hawana shida nayo. Wanachotaka kujua ni kwa nini wakitamka neno wanalolijua fika, mtu wa upande wa pili wa simu anajibu, "Sorry?" Wengi huja wakiwa na hakika kwamba kosa liko kwenye "th" au "r". Nikiwasikiliza kidogo, mara nyingi konsonanti ziko salama. Kilichokwenda kombo ni mkazo: umekaa kwenye silabi isiyo yake, au umekaa pake lakini silabi nyingine zote nazo zinapiga kelele.

Hapa chini silabi yenye mkazo nitaiandika kwa herufi kubwa. Soma kwa sauti. Makala haya hayafai kusomwa kimya.

Kiswahili hakituhangaishi kwa jambo hili. Ukiacha maneno machache ya mkopo, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiongezewa silabi, mkazo unasogea nalo: kiTAbu, kitaBUni. Hakuna anayekumbuka alifundishwa lini. Kiingereza hakina kanuni moja kama hiyo kwa sababu ni lugha yenye tabaka. Maneno yake ya asili, ya ukoo mmoja na Kijerumani, hukaziwa mwanzoni mwa shina: WAter, MOther, WINter. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 yakamiminika maneno ya Kifaransa, na baadaye ya Kilatini na Kigiriki, kila kundi likiwa na mwendo wake. Kwa hiyo ukikutana na neno jipya, tahajia haitakuambia kila mara mkazo uko wapi. Lakini mambo si vurugu tupu, kama utakavyoona.

Anza na silabi dhaifu

Vitabu vingi huanza kwa kukuambia ukaze silabi fulani. Mimi naanza upande wa pili. Irabu zetu tano hutamkwa wazi popote zilipo: "a" ya mwanzo wa neno ni ile ile ya mwisho. Kwa Kiingereza, silabi isiyo na mkazo mara nyingi hunyang'anywa irabu yake na kupewa kisauti kifupi cha katikati ya kinywa, mdomo ukiwa umelegea na ulimi haujafanya kazi yoyote. Wataalamu hukiita shwa na kukiandika ə. Ndicho kisauti kinachosikika mara nyingi kuliko irabu nyingine yoyote katika mazungumzo ya Kiingereza, na hakina herufi yake.

Chukua baNAna. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, na bado Mswahili akilisema mara ya kwanza linasikika la kigeni. Sababu ni kwamba anatoa "a" tatu kamili. Mwingereza anatoa moja tu, ile ya katikati, tena ndefu; ya kwanza na ya mwisho ni shwa. Sasa linganisha CAnada na caNAdian. Katika neno la kwanza "a" ya mwanzo ni nzima na mbili zinazofuata zimekufa. Katika la pili ile ya mwanzo imekufa, na ya pili imefufuka, tena kwa sauti nyingine kabisa, karibu na "ei". Mkazo ukihama, irabu zote zinabadilishana zamu.

Ndiyo maana mtu anayekaza silabi sahihi bila kulegeza zilizobaki husikika kama anagomba. Silabi yenye mkazo hutofautiana na wenzake kwa mambo manne: ni ndefu zaidi, sauti yake mara nyingi hupanda au kushuka juu yake, ina nguvu kidogo, na irabu yake ni safi. Wanafunzi wengi hutumia nguvu peke yake. Nguvu ndiyo ninayoijali kidogo kuliko yote. Refusha, pandisha, na uziache nyingine zipite haraka.

Zoezi ninalolipenda hufanywa mdomo ukiwa umefungwa. Chukua neno phoTOgrapher. Kabla ya kulitamka, livumishe puani: mm-MMM-mm-mm. Rudia mpaka mvumo ukae. Kisha fungua mdomo, tamka neno lile lile juu ya mvumo ule ule. Ukiona irabu ya mwanzo inatoka "fo" kamili, rudi kwenye mvumo. Halafu jaribu PHOtograph, ambalo mvumo wake ni MMM-mm-mm, na photoGRAphic, mm-mm-MMM-mm. Maneno ya ukoo mmoja, nyimbo tatu. Mtu akiyasikia yote matatu puani mwake bila kutamka konsonanti hata moja, nina hakika ataelewa yanayofuata.

Maneno tuliyoazima zamani

Hapa ndipo penye mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya kila mtu haviwezi kuutaja. Tuna maneno mengi yaliyotoka Kiingereza, tumeyazoea tangu utotoni na mkazo wake wa Kiswahili. Tukizungumza Kiingereza, ule mkazo unaingia nao bila hodi. Tunasema kaLENda, basi tunasema caLENdar. Sahihi ni CAlendar. Tunasema hospiTAli na tiKIti. Kwa Kiingereza ni HOSpital na TIcket. BaisiKEli kwao ni BIcycle, televiSHEni ni TElevision, meNEja ni MAnager, januAri ni JAnuary.

Kwa bahati, mengine yanalingana. Ukisema poLIsi uko karibu na poLICE, proFEsa na proFESsor, komPYUta na comPUter, kaMAti na comMITtee, juLAi na juLY. Hata injiNIa, ambalo watu hulicheka kama Kiingereza kilichovunjika, limetunza mkazo pahala pake: enginEER. Fanya hivi: andika maneno ya mkopo unayoyatumia kazini, yagawe mafungu mawili, yanayolingana na yasiyolingana. Fungu la pili ndilo la kufanyia kazi mwezi huu. Yale mengine yaache.

Mwisho wa neno unakuambia mengi

Mazoea yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho yana faida moja kubwa. Maneno yanayoishia na -tion, -sion, -cian na -ic karibu yote hukaziwa hapo hapo: inforMAtion, eduCAtion, deCIsion, muSIcian, ecoNOmic, scienTIfic. Ni maelfu ya maneno, tena yale ya ofisini na vyuoni, na Mswahili anayapata bure. Vighairi vipo. TElevision tumekwisha kuliona. Ongeza CAtholic, POlitics na ARabic.

Ukiona -ity, -ical, -logy, -graphy au -ate katika neno la silabi tatu au zaidi, rudi nyuma hatua moja zaidi, silabi ya tatu kutoka mwisho: aBIlity, eLECtrical, biOlogy, geOgraphy, inVEStigate, cerTIficate. Hapa ndipo mazoea yetu yanapotudanganya, kwa hiyo mvumo wa pua unahitajika sana. Na miisho ya -ee, -eer na -ese hubeba mkazo yenyewe: employEE, volunTEER, JapanESE. ComMITtee na COFfee hazimo.

Kundi la mwisho ndilo linalowashinda wanafunzi wangu kuliko yote, nalo halionekani gumu hata kidogo. Ni viambishi tamati visivyogusa mkazo: -ment, -ness, -ful, -ly, -er, -ing, -less, na mara nyingi -able. Silabi ikiongezeka, sikio la Kiswahili linataka kusogeza mkazo, kama lilivyozoea kwenye kitaBUni. Kiingereza kinasema usisogee. Ni deVElop, deVElopment. MAnage, MAnager, MAnagement. HAPpy, HAPpiness. COMfort, COMfortable. Nilikuwa na mwanafunzi mhasibu aliyesema deveLOPment kwenye kila kikao. Tulipoanza na deVElop peke yake, akalishika, kisha akawa anaongeza "-mənt" kwa sauti ya chini kama mtu anayesahau kumaliza sentensi, tatizo likaisha. Fanya vivyo hivyo: tamka shina kwanza, lishike, kisha bandika mkia bila kulitikisa shina.

Jozi za nomino na kitenzi, zile za REcord na reCORD, OBject na obJECT, PREsent na preSENT, IMport na imPORT, nazitaja kwa kuwa kila mtu huziuliza. Nomino mbele, kitenzi nyuma. Zijue, lakini usidhani ndizo kiini cha somo. Ni chache, na maneno mengi hayabadiliki kabisa: rePORT na surPRISE ni hivyo hivyo yakiwa nomino au kitenzi, ANswer na PROmise vilevile.

Maneno mawili yaliyoungana kuwa jina moja hukaziwa zaidi upande wa kwanza. GREENhouse ni nyumba ya kuoteshea mimea. Green HOUSE ni nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani. Kwenye nambari, THIRty na thirTEEN hutofautishwa kwa mkazo zikisimama peke yake, lakini katika sentensi, kama thirTEEN ikifuatwa na nomino, mkazo wake unaweza kurudi mbele: THIRteen PEOple. Hapo usiutegemee, vuta "ee" na uifunge "n" ya mwisho isikike. Kama ni malipo au saa ya miadi, taja tarakimu moja moja: "thirteen, one three." Wenye lugha yao nao hufanya hivyo.

Kamusi na daftari

Huhitaji kujua alama zote za fonetiki. Alama unazohitaji ni tatu. Kistari cha juu ˈ hutangulia silabi yenye mkazo mkuu. Cha chini ˌ hutangulia ile yenye mkazo mdogo. Na ə unaijua tayari. Angalia mwongozo wa kamusi yako lakini, kwa sababu baadhi ya kamusi za Marekani huweka alama baada ya silabi, na mwanafunzi asiyejua hilo atajifunza kinyume.

Katika daftari andika neno, zungushia silabi yenye mkazo, kisha kata kwa kalamu irabu zilizokufa. Kukata ndiko kunakosaidia. Utagundua kwamba mengine hayakufa tu, yametoweka: comfortable husemwa mara nyingi kwa silabi tatu, COMF-tə-bl, vegetable ni VEJ-tə-bl, chocolate ni CHOK-lət. Anayehesabu silabi kwa kuangalia maandishi atayakosea haya kila siku.

Usijifunze orodha za watu wengine. Daktari ana PAtient na diagNOsis, mwalimu ana curRIculum, mwanasheria ana JUdgment na eVIction. Chukua maneno yako, machache kwa wiki, yatie ndani ya sentensi unayoisema kweli kazini, jirekodi kwa simu, usisikilize mpaka kesho yake. Ukisikiliza papo hapo, sikio bado linakumbuka ulichokusudia na litakusamehe.

Utakutana pia na watu wanaotofautiana wenyewe kwa wenyewe. Uingereza wanasema adVERtisement na laBOratory. Marekani wengi husema adverTISEment na LAboratory. Chagua upande mmoja kwa matamshi yako, na usimsahihishe wa upande mwingine.

Na siku ukisema neno na ukajibiwa "Sorry?", usilirudie vile vile kwa sauti kubwa zaidi. Kuongeza sauti kwenye mkazo uliokosewa kunalizidisha kosa. Tulia, sogeza mkazo silabi moja kuelekea mwanzo wa neno, maana kosa letu la kawaida ni kuuweka karibu mno na mwisho, kisha sema tena ukiirefusha silabi hiyo. Ikishindikana, tumia neno jingine, endelea na mazungumzo, na liandike lile la kwanza daftarini ukikata simu.